Sungura wa Mdomoni na Sungura wa Kitabuni: Hadithi za Wanyama Watundu katika Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, lugha za asili nne tofauti kabisa hukutana mahali pamoja. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na jamaa zake wa karibu ni Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Kidatoga ni lugha ya Kiniloti, yenye udugu na lugha za Wakalenjini wa Kenya. Kinyaturu, Kinyiramba, Kirangi na Kimbugwe, zisemwazo na majirani, ni lugha za Kibantu. Kihadzabe, kisemwacho na wawindaji wa bonde la Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi, hakijathibitishwa kuwa na udugu na lugha yoyote nyingine. Ni nadra sana katika Afrika kukuta tofauti kubwa namna hii katika nchi ambayo mtu aweza kuivuka kwa miguu katika siku chache.

Juu ya lugha hizi zote kimekaa Kiswahili, lugha ya soko, ya ofisi na ya shule. Mtoto wa Mbulu au wa Katesh aingiapo darasa la kwanza aghalabu huwa amekwisha kuzijua hadithi kadha wa kadha za sungura, fisi na simba, alizozisikia kwa lugha ya nyumbani kwao. Shuleni hukutana na wanyama wale wale katika kitabu cha Kiswahili chenye picha. Mwalimu hudhani kwamba ampa mtoto kitu anachokijua, kilichobadilishwa nguo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mabadiliko hayo si ya nguo peke yake. Hadithi itokapo mdomoni ikaingia kitabuni, na itokapo katika Kiiraqw ikaingia katika Kiswahili, hubadilika katika sarufi, katika sauti, katika sura na hata katika maana. Ni kazi ya wachunguzi wa lugha kujua ni nini kinachopotea na ni nini kinachopatikana, ili wale watungao vitabu vya watoto wasikipoteze bila kujua.

Safari ya sungura hadi kitabuni

Mkusanyo mkubwa wa kwanza wa hadithi za Kiswahili zilizopigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ni ule wa Edward Steere, uliotoka London mwaka 1870. Steere alizikusanya Unguja kutoka vinywani mwa wasimulizi, naye aliziandika kama zilivyosemwa, kwa kuwa haja yake ilikuwa kuijua lugha. Katika kitabu chake hakuna haja ya kumfurahisha mtoto. Kilikuwa kitabu cha watu wazima waliotaka kujifunza.

Mwaka 1901 George W. Bateman alitoa huko Chicago kitabu cha hadithi za Unguja kwa Kiingereza, chenye picha zilizochorwa na Walter Bobbett. Hapo ndipo wanyama wa Waswahili walipoanza kuwa wanyama wa kitabu cha watoto, wenye sura zilizochorwa na msanii wa mbali. Bateman aliyaacha majina ya Kiswahili, lakini aliyaandika kwa namna ya kuwasaidia watoto wa Marekani kuyatamka, hata sungura akawa Soongoora, fisi akawa Feesee, kobe akawa Kobay.

Mwaka uliofuata, yaani 1902, kilitolewa Uingereza kitabu cha Beatrix Potter juu ya sungura mtundu aitwaye Peter, aliyevaa koti la buluu na kuingia katika bustani ya watu. Kitabu hicho kimekuwa kielelezo cha vitabu vya picha vya watoto duniani kote. Msomaji wa Afrika ya Mashariki yampasa kukumbuka jambo moja katika habari hii. Katika miaka ya 1890, kabla ya kitabu hicho kutolewa, Potter alichora picha kadha za hadithi za Uncle Remus, zilizotolewa na Joel Chandler Harris huko Marekani tangu mwaka 1880. Hadithi hizo Harris alizipata kwa watu weusi wa majimbo ya kusini, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, na sungura wao mjanja ni ndugu wa sungura wa hadithi zetu. Kwa hiyo sungura aliyevaa koti, ambaye leo huonekana katika vitabu vya picha vya shule za Tanzania, si mgeni kamili. Katika ukoo wake mna damu ya Afrika, ila amerudi akiwa na mavazi ya ugenini na tabia za ugenini.

Upande wa bara, utafiti wa Kiiraqw una historia yake. Paul Berger alikusanya masimulizi ya Kiiraqw katika miaka ya 1930, nayo yalipigwa chapa Köln mwaka 1998 kwa kazi ya Berger na Roland Kießling. W. H. Whiteley, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa utafiti wa Kiswahili katika Dar es Salaam, alitoa kazi zake juu ya Kiiraqw katika miaka ya 1950. Sarufi ya Maarten Mous ilitoka mwaka 1993, na kamusi ya Mous, Martha Qorro na Kießling ilifuata mwaka 2002. Naye W. D. Kamera alizileta hadithi za Wairaqw katika Kiswahili katika miaka ya 1970. Hivyo mtunzi wa leo hawezi kusema kwamba hana pa kuanzia.

Nani hasa aitwaye sungura?

Neno sungura katika Kiswahili cha leo hubeba mizigo miwili. Ni jina la mnyama wa porini mwenye masikio marefu, alalaye juu ya ardhi katika majani, na ambaye watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Tena ni jina la yule afugwaye kizimbani, ambaye asili yake ni Ulaya, huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Wazungu wana majina mawili kwa wanyama hawa wawili. Kiswahili cha zamani hakikuwa na haja ya kuwatenganisha, kwa kuwa huyu wa pili hakuwapo.

Hata hivyo Kiswahili hakikuwa maskini wa majina. Kamusi za zamani zataja kitungule, jina la sungura lililotumika upande wa Mombasa, na kititi, aelezwaye kuwa ni sungura mdogo. Katika kitabu cha Bateman majina sungura na kititi yote mawili yamo, kila moja katika hadithi yake, na mtafsiri akajaribu kuwapa wanyama wawili wa Kiingereza. Sungura akamfanya yule wa porini, na kititi akamfanya yule wa mashimoni, ingawa katika pwani ya Unguja mnyama wa namna hiyo hakuwa wa porini kamwe. Hapo tafsiri ilizaa mnyama asiyekuwapo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini picha hulifanya kuwa kubwa. Msimulizi asemapo sungura tu, kila msikilizaji humwona yule amjuaye. Mchoraji hana nafasi hiyo, kwa kuwa lazima achore mmoja. Mara nyingi humchora yule mnene, mwenye miguu mifupi, atokaye katika shimo, kwa sababu ndiye aliyemwona katika vitabu vingine. Mtoto wa Hanang achungaye ng'ombe na mbuzi amemwona sungura halisi akifumuka katika majani mbele ya miguu yake, mwembamba, mwenye miguu mirefu ya nyuma, na mbio zake hupinda huku na huku. Mbio hizo za kupinda ndizo asili ya sifa yake ya ujanja. Sungura wa kitabuni, alivyochorwa, hawezi kumponyoka hata mbwa mzee. Basi mtoto haelewi kwa nini simba alimshindwa.

Wewe wa kiume na wewe wa kike

Katika sarufi, Kiswahili kina njia yake maalumu ya kuwapa wanyama utu. Majina ya wanyama yako katika ngeli mbalimbali kwa umbo lake: simba, fisi na sungura hayana kiambishi kinachoonekana, na kifaru, kiboko na kititi yana ki- ya ngeli ya vitu. Lakini katika upatanisho wa kisarufi wote huingia pamoja na watu. Husemwa kifaru mkubwa amekuja, wala si kifaru kikubwa kimekuja, ila kama msemaji amekusudia kudharau au kushangaza. Kwa hiyo katika Kiswahili mnyama wa hadithi haombi ruhusa ya kusema kama mtu, kwa sababu sarufi imekwisha kumpa kiti barazani.

Kiiraqw huenda njia nyingine. Kila jina katika lugha hiyo lina jinsia ya kisarufi, ama ya kiume, ama ya kike, ama ile ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike, na hata wingi wa jina waweza kuwa na jinsia tofauti na umoja wake. Zaidi ya hayo, Kiiraqw hutenganisha jinsia hata katika neno la kumwita mtu mmoja anayesemeshwa. Mwanamume huambiwa kuung, na mwanamke huambiwa kiing. Kiswahili husema wewe tu.

Yafaa kutazama jambo hili linavyoigusa hadithi. Hadithi za sungura na fisi karibu zote ni mazungumzo: mmoja amshawishi mwenziwe, na mwenziwe akubali kwa ujinga wake. Kila mara sungura amwambiapo fisi wewe, msimulizi wa Kiiraqw lazima achague kuung au kiing. Hawezi kuliacha jambo hilo gizani. Fisi wake ni mwanamume au ni mwanamke, na msikilizaji hulijua tangu neno la kwanza la mazungumzo. Mlafi akiwa mwanamume, kicheko chaelekea upande mmoja. Mlafi akiwa mwanamke, chaelekea upande mwingine. Hadithi hiyo ikitiwa katika Kiswahili, neno wewe hulifuta jambo hilo lote, na mtafsiri asiyeangalia hajui hata kwamba amefuta kitu.

Kisha huja mchoraji. Kwa kuwa Kiswahili hakikumwambia neno, mchoraji humvika fisi suruali au kanga apendavyo, na mara nyingi ni suruali. Hivyo jinsia iliyofutwa na sarufi hurudishwa na picha, lakini haikurudishwa kutoka katika hadithi, bali imetoka katika mazoea ya mchoraji. Mtafsiri mwangalifu ana dawa zake, kwa kuwa Kiswahili kina majina ya heshima na ya udugu yawezayo kufanya kazi ya kuung na kiing: Bwana Fisi, Bibi Fisi, mjomba, shangazi. Maneno hayo huonyesha jinsia, na tena huonyesha uhusiano, jambo ambalo wewe wa Kiiraqw haonyeshi. Hapo tafsiri yaweza kurudisha kilichopotea pamoja na faida.

Picha na nyakati za vitenzi

Msimulizi wa Kiswahili huweka msingi wa hadithi kwa -li- au kwa palikuwa na, kisha huachia kiambishi -ka- kibebe mambo moja baada ya jingine: akaenda, akamkuta, akamwambia, akacheka. Kiambishi hiki ndicho uti wa mgongo wa usimulizi. Kwacho msikilizaji hujua kwamba tendo hili latokana na lile, na kwamba jambo bado laendelea. Mtoto ambaye hakuzaliwa katika Kiswahili hujifunza kiambishi hiki katika hadithi kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa katika mazungumzo ya sokoni na katika amri za darasani hakisikiki sana.

Kitabu cha picha huvuta upande mwingine. Picha huonyesha tendo lililosimama, na maneno yaliyo chini yake huelekea kueleza kinachoonekana. Kwa hiyo badala ya sungura akapanda, akachungulia, akaona asali, mtoto husoma Sungura anapanda mti. Sungura anaona asali. Kila ukurasa una sentensi zake zilizokamilika, na mnyororo umekatika. Mtoto huona matendo, lakini haoni sababu iliyoyaunganisha. Katika hadithi ya ujanja, sababu ndiyo hadithi yenyewe. Ukiondoa kwa nini, utabaki na wanyama wawili na mti.

Si kwamba wakati wa -na- hauna kazi. Kwa mtoto wa siku za kwanza za kusoma, sentensi fupi yenye -na- ni ngazi nzuri. Kosa ni kumwacha juu ya ngazi hiyo kitabu baada ya kitabu. Mtoto wa pwani, asikiaye -ka- kila usiku nyumbani, hadhuriki sana. Mtoto wa Mbulu au wa Yaeda, ambaye kitabu ndicho msimulizi wake wa Kiswahili wa pekee, hunyimwa sehemu ya lugha ambayo hana pengine pa kuipata.

Sauti zisizopigwa chapa

Hadithi isimuliwapo ina mlango wake. Waswahili husema Paukwa! na wasikilizaji hujibu Pakawa!, na lugha nyingine za nchi nazo zina desturi zake za kuwaita watu katika usikivu. Ndani ya hadithi mna nyimbo, mna sauti za wanyama, na mna yale maneno ya kuigiza sauti na hali ambayo siku hizi huitwa tanakali za sauti: kuanguka pu, kutumbukia chubwi, kunyamaza jii, giza totoro. Maneno haya hayana ngeli wala hayanyambuliki, na kwa ajili hiyo wasahihishaji wa zamani waliyaona kama makapi. Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na kazi ya kukagua lugha ya vitabu vya shule, na kazi hiyo iliisaidia sana lugha kuwa moja. Lakini kila usawazishaji hupenda sentensi iliyonyoka, na tanakali si sentensi iliyonyoka.

Upande wa Kiiraqw tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa sauti zenyewe hazimo katika herufi za Kiswahili. Kiiraqw kina sauti zitokazo kooni ambazo huandikwa kwa hh na kwa mstari wa mshazari. Kina q itamkwayo nyuma kabisa ya kinywa. Kina sl na tl zitokazo ubavuni mwa ulimi. Ng'ombe ni slee, na simba ni diraangw. Mwandishi wa Kiswahili akiandika jina la mtu, la mahali au la wimbo wa Kiiraqw, huchagua ama kuandika herufi ambazo mtoto wa Tanga hatazijua, ama kulilainisha neno hata mtoto wa Mbulu asilitambue. Jina la watu wenyewe ni mfano: wengine huandika Wairaqw, wengine Wairaki, na wengi kwa miaka mingi wamesema Wambulu, jina la wilaya na mji.

Katika hadithi, wimbo wa mnyama aghalabu hubaki katika lugha ya asili hata hadithi nzima ikihamia lugha nyingine. Hadithi za pwani nazo zina nyimbo zenye maneno ambayo wasimulizi wenyewe hawawezi kuyaeleza, kwa kuwa yametoka bara pamoja na watu. Kwa hiyo kuacha wimbo wa Kiiraqw au wa Kidatoga katikati ya hadithi ya Kiswahili si kuiharibu lugha, bali ni kufuata desturi ya kale ya hadithi zenyewe.

Nyumba ya sungura

Katika hadithi moja ya Unguja, sungura amekwisha kumchezea simba mara kadha juu ya asali iliyomo mtini. Simba akaingia nyumbani mwa sungura, akajificha ili amkamate arudipo. Sungura alipofika aliona nyayo, akasimama mbali, akaisalimu nyumba yake. Nyumba ikanyamaza. Akastaajabu kwa sauti kubwa kwamba siku zote nyumba yake humjibu, leo imekuwaje? Simba, kwa kuogopa kugunduliwa, akaitikia salamu. Sungura akakimbia.

Hila hii yategemea nyumba. Mchoraji huichora namna gani? Aghalabu huchora msonge wa majani wenye mlango wa mbele, au kijumba cha bati. Wairaqw wa zamani walijenga tembe zilizochimbwa katika ubavu wa mlima, zenye paa la udongo lililo bapa, hata mtu aliyetoka upande wa juu aweza kukanyaga paa kabla hajajua kwamba amefika nyumbani mwa watu. Usiku mifugo ililala ndani pamoja na wenyewe. Katika nyumba ya namna hiyo fisi husikika juu ya paa, na adui hukaa gizani katikati ya mbuzi. Hadithi ya sungura na nyumba ikisimuliwa katika tembe, kila neno hupata uzito mwingine. Picha ya msonge huondoa uzito huo, na kumwambia mtoto kwamba hadithi ni za nchi nyingine.

Haifuati kwamba kila kitabu lazima kichorwe upya kwa kila wilaya. Gharama hairuhusu. Lakini yawezekana kuchora machache zaidi. Picha iliyomwonyesha sungura amesimama mbali na mlango mweusi, bila kuonyesha nyumba nzima, ingemwachia kila mtoto nafasi ya kuitia nyumba aijuayo.

Mtundu, mjanja, mwerevu

Jambo la mwisho ni maana. Kiswahili kina maneno mengi ya kumweleza mnyama wa namna ya sungura, nayo si sawa. Mtundu ni mtoto asiyetulia, agusaye kila kitu. Kosa lake ni la mkono, si la moyo. Mtukutu ni yule asiyesikia. Mjanja ni mwenye hila, na neno hili zamani lilielekea ubaya, ingawa vijana wa leo hulitumia kama sifa. Mwerevu ni mwenye akili nyepesi ya kuyatambua mambo, nalo lilikuwa na kivuli cha hila ambacho sasa kimefifia. Mkorofi ni mwenye kuleta ugomvi. Kila neno mtungaji alichaguapo kwa jina la kitabu, amekwisha kumhukumu sungura kabla hadithi haijaanza.

Vitabu vya shule aghalabu huongeza hukumu ya pili mwishoni, katika fundisho: tusiwe wadanganyifu, tusiwe walafi. Fundisho hilo ni jema kwa adabu, lakini mara nyingi halitoki katika hadithi. Sungura wa masimulizi hudanganya na kufaulu. Katika hadithi ya kima na papa, ambayo asili yake ni India, na ambayo ilipita katika kitabu cha Kiarabu cha Kalila wa Dimna kilichoandikwa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, kima hupona kwa uongo mtupu. Papa amembeba baharini apate kuutoa moyo wake uwe dawa ya sultani; kima asema kwamba watu wa kwao huiacha mioyo yao nyumbani mitini, basi na warudi wakauchukue. Ndipo amsimuliapo papa kisa cha punda wa dobi, ambamo mnyama mjanja wa Kiarabu, aliye bweha, ameondoka na sungura ameketi mahali pake. Badiliko hilo la Waswahili laonyesha kwamba sungura si jina la mnyama tu. Ni cheo. Ni nafasi ya mdogo asiye na nguvu, ambaye ulimi wake ndio mkuki wake, na popote nafasi hiyo ilipo wazi yeye huingia.

Hadithi ya simba, fisi na kititi yaonyesha jambo hilo waziwazi. Walikwenda shambani pamoja, wakapatana kwamba atakayesimama njiani ataliwa. Kititi akasimama. Walipotaka kumla akasema, nafikiri. Akaonyesha mawe mawili, moja kubwa na moja dogo, akauliza juu yake swali ambalo halikuwa na mwisho. Wakamwacha. Fisi naye akasimama, akasema, nafikiri. Alipoulizwa afikiri nini, hakuwa na neno. Akaliwa. Fisi hakufa kwa sababu ya ulafi wala ya uongo, kwa kuwa uongo wake ulikuwa ule ule wa kititi. Alikufa kwa kukosa maneno.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lote hili kwa mtoto wa Mbulu na Hanang. Mtoto huyo aingia shule ambayo kila swali lake huulizwa kwa Kiswahili, akiwa na akili zilizokwisha kunolewa katika lugha nyingine. Akiulizwa afikiri nini, aweza kusimama kama kititi au kama fisi, na tofauti yao si akili bali ni maneno. Hadithi ambayo tayari aijua kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga ndiyo daraja fupi kuliko yote la kumvusha. Lakini daraja hilo hufaa tu ikiwa ng'ambo yake mna lugha kamili: -ka- na sababu zake, tanakali na nyimbo zake, majina ya udugu na heshima zake. Kitabu kinachompa Sungura anapanda mti kimempa neno la kusimama, bila kumpa neno la kujibu.

Yafaayo kufanywa

Mambo machache yaweza kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, mkusanyaji wa hadithi aandike masimulizi katika lugha ya asili kabla ya kuyatia katika Kiswahili, kama walivyofanya Berger na wenziwe, na aonyeshe katika tafsiri yake mahali ambapo kuung au kiing imefutwa na wewe. Pili, watungaji wa vitabu vya picha waweke angalau ukurasa mmoja mwishoni ambapo hadithi nzima imesimuliwa kwa -ka-, ili mwalimu aisome kwa sauti baada ya watoto kuzitazama picha. Tatu, nyimbo ziachwe katika lugha zake, na tanakali zisiondolewe na wasahihishaji. Nne, wachoraji wapewe picha za sungura wa porini wa nchi hii, na wakatazwe koti, isipokuwa kama koti lenyewe limo katika hadithi. Tano, fundisho la mwisho liachwe kwa mwalimu na kwa watoto wenyewe, kwa kuwa mabishano yao juu ya haki ya sungura na kosa la fisi ndiyo mazoezi bora ya lugha yawezayo kupatikana darasani.

Waswahili husema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Wataalamu wa lugha nao waweza kuzidisha akili katika kusafisha hadithi, hata wakaondoa ndani yake yale yaliyowafanya watu waisimulie kwa vizazi vingi. Sungura ameponyoka mikononi mwa simba mara nyingi, na amevuka bahari akarudi. Itakuwa ajabu akinaswa katika kitabu cha darasa la kwanza.